Asidi Iliyorudishwa Chupani

Wanafunzi walimwita Tone. Aliyeanzisha jina hilo hakujulikana, lakini sababu kila mtu aliijua. Profesa huyu wa kemia alikuwa akisimama nyuma ya mwanafunzi anayemimina kemikali na kumwambia taratibu, karibu na sikio, "Tone, bwana. Tone. Hiyo siyo chai." Aliyemwaga alifukuzwa maabara hadi wiki inayofuata. Aliyerudisha kemikali iliyobaki ndani ya chupa yake alipata sifuri, hata kama majibu yake yote yalikuwa sahihi. Kinachotoka chupani hakirudi chupani: hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya maabara, na yeye aliifundisha kabla hajafundisha kitu kingine chochote.

Alizaliwa na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya wodi, sakafu yake ya saruji haikukauka mwaka mzima, na mtoto alipotoka shule alikwenda kukaa pale juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliona madoa ya damu na iodini yakiingia kwenye maji ya dawa na kutoweka. Akamuuliza mama yake doa linakwenda wapi.

"Limekwenda shule," mama akamjibu bila kugeuka. "Na wewe kesho uende, usije ukanisingizia tumbo linauma."

Akaenda, na hakuacha kwenda. Alisoma nje kwa ufadhili katika maabara ambamo kemikali zilijaa rafu hadi darini, akarudi kwenye maabara ambamo chupa moja ya asidi safi iliagizwa na kusubiriwa hadi watu wakasahau waliiagiza kwa kazi gani. Ubahili wake ulianzia hapo, wala haukuwa ubahili wa roho. Alikuwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi na chupa chache. Utafiti wake ulihusu kutu na namna maji yanavyokula vyuma, naye aliufanya kwa vikombe vya kioo vilivyopasuka midomo.

Alipokuwa mkuu wa idara aliweka utaratibu mmoja uliodumu hata baada ya yeye kuondoka idarani. Anayepima madini kwenye maji huyatia asidi kwanza, na ili ajue kwamba asidi yenyewe haina madini, hupima pia sampuli tupu: maji yaliyosafishwa kabisa, yenye asidi ile ile, yasiyo na kitu kingine. Vitabu vinasema sampuli tupu ipimwe kila mara kazi mpya inapoanza. Yeye aliamuru ipimwe mara moja tu, chupa inapofunguliwa. Asidi ikiwa safi siku ya kwanza, alisema, nani ataichafua? Sote hapa tunajua sheria.

Utaratibu huo uliokoa asidi nyingi. Ulisifiwa hata kwenye kikao cha kitivo.

Akapanda. Akawa mkuu wa kitivo, kisha mkuu wa chuo kizima, mwenye ofisi ya zulia la kijani na katibu muhtasi aliyejua kumdanganya mtu kwenye simu kwa sauti ya upole. Mkewe, mwalimu wa hisabati wa sekondari, alimtania wakati wa chakula. "Siku hizi kemia yako ni ya kuchanganya wajumbe. Wengine wanaripuka, wengine wanaganda."

"Na wewe ni kichocheo," akajibu. "Unaharakisha ugomvi halafu unabaki salama."

Ilikuwa miaka mizuri. Alijenga hosteli na kumaliza migomo miwili kwa kukaa chini na wanafunzi kwenye nyasi. Lakini koti lake jeupe lilibaki limening'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na mikono ikasahau kazi pole pole, kama mikono inavyosahau.

Ndipo wakaja wageni. Walikuwa wafadhili waliofikiria kujenga maabara mpya, na mkuu wa chuo aliamua kuwaongoza mwenyewe. Walipofika kwenye maabara ya kemia hapakuwa na watu wengi. Fundi wa maabara alikuwa ameitwa kufungua stoo upande wa pili. Mgeni mmoja akauliza kwa adabu kama profesa bado anaweza kufanya kemia au sasa anasaini tu.

Wote wakacheka. Yeye akavaa koti. Halikufunga vifungo tumboni, akacheka na yeye.

Alilotaka kuwaonyesha ndilo aliloliwaonyesha zamani wanafunzi wa mwaka wa kwanza: chuma kinavyoliwa na asidi. Ndani ya kabati la kuvuta moshi palikuwa na chupa ya asidi, karibu na mkono, imebaki robo. Akamimina kidogo kwenye kopo la kioo. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa kabati fulani la zamani, wa shaba ya manjano. Akaushika kwa koleo, akauchovya ncha. Moshi wa hudhurungi ukapanda, wageni wakasema aah, mmoja akaanza kukohoa, na profesa akautoa ufunguo haraka na kuusuuza. Huku anaeleza, huku anatazama nyuso zao, mkono wake ukafanya ulichokuwa ukikatazwa tangu ujana wake. Ulichukua lile kopo na kuirudisha asidi chupani.

Aliliona tone la mwisho likiingia. Akajua alichofanya. Kuimwaga chupa nzima mbele ya wageni, akiwa ndiyo kwanza amewaambia namna asidi ile inavyopatikana kwa shida, lingekuwa jambo la ajabu. Akafunga kizibo. Nitamwambia fundi aitupe, akajisemea. Katibu muhtasi akatokea mlangoni kusema chakula tayari, na wageni wana ndege ya kuwahi. Baada ya chakula kukawa na hotuba, na baada ya hotuba kukawa na mkutano. Hakumwambia fundi.

Mtu akimuuliza leo, hasemi alipitiwa. Anasema, "Nilikumbuka njiani kuelekea kwenye chakula, nikaamua nitakumbuka tena."

Chupa ile ilikuwa ya mwanafunzi mmoja wa uzamivu, binti wa mshona nguo, aliyekuwa akipima maji ya bomba katika mtaa mmoja wa nyumba za zamani. Siku ya wageni alikuwa huko mtaani, anajaza vichupa nyumba hadi nyumba. Aliporudi akavitia asidi, akapima, akapata madini ya risasi. Yalikuwa mengi kuliko yanavyoruhusiwa, na karibu sawa kila nyumba. Alikuwa msichana mwenye tahadhari. Alipima tena, akapata yale yale. Shaba na zinki nazo zilikuwa juu, na hilo lilimpa maelezo yaliyokaa vizuri: mabomba ya mtaa ule yalikuwa na koki za shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba, zinki na risasi kidogo. Koki zinaliwa, akaandika, na watu wanazinywa. Sampuli tupu alikuwa amekwisha kuipima siku chupa ilipofunguliwa. Ilikuwa safi. Ndivyo idara ilivyofanya kazi.

Aliwasilisha matokeo kwenye semina. Redio ikayapata, wanawake wa mtaa wakaanza kubeba maji ya madumu kutoka mbali, na mamlaka ya maji ikapeleka sampuli kwenye maabara nyingine. Majibu yakaja: maji safi, hayana tatizo. Mamlaka ikaandika barua kali kuuliza chuo kinafundisha nini. Msimamizi wa binti, ambaye naye aliwahi kufundishwa na Tone, alikuwa mtu wa kujikinga. Akasema namba zile hakuziona zikipimwa. Binti akafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa tuhuma ya kubuni matokeo. Adhabu yake ni kufutwa chuoni. Mwenyekiti wa kamati ni mkuu wa chuo.

Siku ya kikao alifungua jalada akiwa amechoka na kesi nyingine mbili za wizi wa mitihani. Akafika kwenye jedwali. Risasi, zinki, shaba. Zikipanda pamoja, zikishuka pamoja, kwa uwiano ule ule kila mstari. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kusoma vyuma vikiliwa hahitaji kuambiwa uwiano ule ni wa nini. Aliangalia tarehe za upimaji: zilifuata moja kwa moja siku ya wageni. Akaweka kalamu mezani.

"Una la kusema?" mjumbe wa sheria alimuuliza binti.

"Nilipima nilichokipata."

"Maabara nyingine imepata kitu kingine."

"Nimeona. Siwezi kueleza. Lakini sikubuni."

"Kwa hiyo maji yaligeuka yenyewe? Yaliona aibu?"

Wajumbe wakaguna kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Akauliza swali moja.

"Chupa ya asidi uliyotumia iko wapi?"

"Iliisha, Profesa. Ilioshwa, ikatupwa."

Anachokumbuka zaidi kuhusu kikao kile hakikusemwa na mtu yeyote. Anakumbuka kwamba aliposikia chupa imetupwa, mabega yake yalilegea. Alipata nafuu. Kisha akaona nafuu ile, akaitambua ni ya nini, na bado hakufungua mdomo.

Mwenyekiti hupiga kura pale tu kura zinapolingana. Hazikulingana. Alisaini.

Nyumbani alianza kuacha chakula. Mkewe alimvumilia, kisha siku moja, wakiwa wanakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, akamwambia, "Baba watoto, ama unaumwa ama una mwanamke. Sema, nijue nalia kilio gani."

Akamweleza yote, shati likiwa mikononi mwake. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akamnyang'anya shati, akalikunja.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye kamati?"

"Nilitaka ujue."

"Nimejua. Mzigo ulikuwa wako peke yako, sasa tumegawana, umepata wepesi. Yeye umempa nini?"

Alichokwenda kumpa yule binti, mara ya kwanza, kilikuwa huruma. Hilo ndilo analoliona baya kuliko yote, hata kuliko kusaini. Alimkuta kwenye kituo cha masomo ya ziada ambako alikuwa akifundisha watoto wa sekondari, chumba chenye ubao mmoja na feni iliyolalamika kila inapozunguka. Akamsubiri amalize. Kisha akamwambia, kwa maneno ya kiofisi, kwamba akikata rufaa, yeye kama mkuu wa chuo atahakikisha inapokelewa vizuri. Kwamba kamati inaweza kuzingatia umri wake na mwenendo wake wa nyuma, na kumsamehe.

"Inisamehe nini?" binti akauliza.

"Ni namna tu ya kuliweka."

"Iweke namna nyingine basi, Profesa. Nikiomba msamaha nimekiri." Alikuwa anafuta ubao, na aliendelea kuufuta ingawa ulikuwa umekwisha kuwa safi. "Msimamizi wangu hapokei simu. Mama anaulizwa na wateja, mwanao yule mwongo wa maji yuko wapi siku hizi? Hayo naweza. Lakini nimeanza kujishuku. Nakaa najiuliza kama kweli nilizisoma zile namba kwenye mashine, au nilitaka kuziona nikaziandika. Sijui tena. Mimi mwenyewe sijui."

Akasema hapo hapo. Hakuzunguka. Alimweleza wageni, ufunguo, kopo, mkono, chakula cha mchana.

Binti alikaa kwenye dawati la mbele. Hakuanza na hasira. Alianza na kazi.

"Chupani ilikuwa imebaki kiasi gani?"

"Robo, au pungufu."

"Ufunguo ulikaa ndani kwa muda gani?"

"Muda wa kuhesabu pumzi chache. Ulifuka."

Akageukia ubao, akachukua chaki, akaanza kupiga hesabu: uzito wa shaba iliyoyeyuka, sehemu ya risasi ndani yake, asidi iliyobaki, tone kwa kila kichupa. Profesa alisimama nyuma yake akitazama. Namba ya mwisho ilipotokea, ilikaribiana na ile iliyokuwa kwenye jedwali lake. Binti aliitazama kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na profesa akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Mashine ilikuwa sahihi," akasema. "Nilisoma sawa. Risasi ilikuwemo." Halafu akageuka. "Na wewe ulikuwa umekaa pale juu kwenye kile kiti, ukaniuliza chupa iko wapi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Toka. Nenda kawaambie. Usinirudie mimi na rufaa."

Kuna waliojaribu kumsaidia asiende mbali. Kabla ya kikao cha seneti ya chuo, mjumbe wa sheria alimvuta pembeni kwenye korido. "Mzee, kwani lazima useme ni wewe? Tunaandika hitilafu ya kitaalamu, binti anarudishwa, jengo jipya linajengwa, kila mtu analala. Nani ameumia?"

"Ningekubali hivyo mwezi uliopita," akamjibu. "Ndiyo maana nakuogopa."

Alisema mbele ya seneti akiwa amesimama. Alisema mambo matatu kwa mfululizo: alichofanya kwenye kabati la moshi, utaratibu wake wa sampuli tupu ambao uliacha kosa lile lipite, na kwamba siku ya kikao alijua na akasaini. La tatu ndilo lililowanyamazisha. La kwanza baadhi yao walikuwa tayari kulicheka kama ajali ya mzee aliyekaa ofisini sana. Uamuzi wa kamati ukafutwa, binti akarudishwa, na mkuu wa chuo akaweka barua yake ya kujiuzulu mezani. Ilipokelewa bila hotuba.

Alidhani hapo pamefika mwisho. Akaenda na mkewe nyumbani kwa mama wa binti, kumwomba radhi. Mshona nguo aliwapa viti, akaendelea na kazi yake. Cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, wakati profesa anazungumza. Alipomaliza, mama alikata uzi kwa meno.

"Nimekusikia. Seneti ni watu wangapi?"

"Ukumbi mmoja, mama."

"Mwanangu aliitwa mwongo kwenye redio. Mtaa mzima ule umemsikia akiitwa mwongo. Wewe umekwenda kutubu chumbani kwa wasomi wenzako mlango umefungwa." Akaingiza kitambaa kingine chini ya sindano. "Hapa kwangu umekuja bure. Nenda kule."

Mkewe alitoka wa kwanza. Alimfungulia tu mlango wa gari upande wa dereva.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi ya mtaa ule. Watu walijaa hadi madirishani. Profesa alisimama mbele ya ubao bila karatasi. Aliwaeleza kama anavyoeleza mwaka wa kwanza, kwa sababu hakujua namna nyingine: maji yenu yalikuwa mazuri, asidi ilikuwa chafu, aliyeichafua ni mimi, na binti huyu aliyekuja milangoni kwenu na vichupa hakudanganya mtu.

"Kwa hiyo mimi nimebeba madumu kichwani kwa sababu ya ufunguo wako?" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo, mama."

"Shingo hii! Njoo uikande basi!"

Kicheko kikazunguka chumba, si cha kirafiki. Fundi bomba mmoja, mwenye mikono iliyojaa makovu, akasimama. Alisema wateja walimfokea kuwa koki zake zinaua watu, na mmoja alimwitia mgambo. "Profesa, mimi nikikosea nyumba inafurika saa ile ile, na mwenye nyumba ananishika shati. Wewe ulikosea ukaenda kula."

"Nilikwenda kula," profesa akasema.

Sauti kutoka dirishani ikauliza lile ambalo wote walilijia: "Hayo ni yenu. Sisi maji tunywe au tusinywe?"

Profesa alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amesoma ripoti ya maabara ya pili na kuielewa vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Akaufunga.

"Mimi siyo wa kumuuliza," akasema. "Aliyepima maji yenu ni yule pale nyuma."

Vichwa vikageuka. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu. Mtu akamwambia, "Haya dada, sema." Mwingine akasema, "Mpisheni." Alipita katikati ya madawati bila haraka, na alipofika mbele hakumtazama profesa. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Kaa."

Nafasi pekee ilikuwa mwisho wa benchi la watoto, karibu na yule mwanamke wa madumu. Alikaa, magoti yakamfika kifuani. Mwanamke hakusogea.

"Maabara ya mamlaka inasema maji ni salama, na sina sababu ya kuwabishia. Kunyweni," binti akaanza. "Lakini mimi mwenyewe bado sijayapima upya, kwa hiyo sina nililoliona kwa macho yangu. Jumatatu naanza kupita tena. Nikipata kitu nitarudi hapa kuwaambia. Nisipopata nitarudi pia."

"Na tutakuaminije safari hii?" fundi bomba akauliza. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Njoo uone ninavyopima. Na yeyote anayetaka aje."

Wakaanza kuuliza: aanze na nyumba gani, wafungue maji kwanza au wayaache, mwenye tangi juu ya paa afanyeje. Alijibu moja moja. Waulizaji aliwaita baba, mama, dada, kaka, na walipotaja namba za nyumba alizirudia ili asikosee. Hakuna aliyemuuliza profesa kitu tena. Alikaa pale chini, mikono juu ya magoti, akisikiliza hadi swali la mwisho, kwa sababu mlango ulikuwa nyuma ya umati na kutoka kungemlazimu kuwaomba wampishe.